Manyoya ya Labrador Mtwara: kabla hujamnyoa, soma hapa

Mkuu, umesema umehamia Mtwara kutoka Arusha mwezi wa tano na Labrador wako wa miaka miwili. Tangu Septemba manyoya yamejaa nyumba nzima, jirani mmoja anasema mbwa anaumwa, mwingine anasema apigwe mashine yaishe. Mimi nafuga wa aina hiyohiyo hapa Shangani, huu mwaka wa sita, anaitwa Bobi. La mashine nililifanya na la ugonjwa lilinipata, kwa hiyo ngoja niandike kirefu kidogo.

Nianze na mashine. Usimnyoe. Mimi nilimnyoa Bobi Novemba ya mwaka wa pili, kwa huruma tu. Joto lilikuwa kali, ulimi nje kutwa, usingizi hapati. Nikachukua mashine yangu ya nyumbani nikampitisha mgongo mzima. Siku ya tatu mgongo ukawa mwekundu, kila akipita ukutani anajisugua. Jua la saa saba la huku nawe umeshalionja. Na sakafu haikupata nafuu hata kidogo: yaliyodondoka sasa yalikuwa vipande vifupi vinavyochoma nyayo. Yalipoanza kuota, ya chini yalitangulia na ya juu yakasuasua, akakaa miezi na mgongo wa mabonde na vilima. Watoto wa mtaani wakawa wanamwita fisi.

Sababu ni kwamba manyoya yake ni mafupi lakini si tabaka moja. Leo jioni mshike shingoni, utenganishe manyoya kwa vidole gumba viwili. Utaona ya juu ni magumu, yamelala upande mmoja, ukiyapapasa yana mafuta kwa mbali. Chini yake kuna malaika laini, rangi imefifia, yameshonana kama sufi ndani ya mto. Hayo ya chini ndiyo yanayotoka kwa mafungu. Asili ya mbwa hawa ni wavuvi wa Newfoundland kule Kanada, kwenye maji ya baridi kali, kisha Waingereza wakawaendeleza karne ya 19 (jina la Labrador ni la eneo jirani na hapo, sijui mtu wa Newfoundland analichukuliaje). Vazi la maji ya barafu limekuja kuishi jirani na Mikindani, ndiyo hali yenyewe. Lakini tabaka la juu humkinga na jua pia, na mbwa hapozi mwili kwa jasho la mgongoni kama sisi, anapoza kwa kuhema. Kumnyoa hakumpunguzii joto unavyodhani. Kivuli, sakafu ya saruji na maji safi vinamsaidia zaidi.

Sasa suala la msimu. Ukisoma maandishi ya Ulaya utaambiwa mbwa hunyonyoka mara mbili kwa mwaka, baridi inapoisha na inapokaribia. Kwao ni kweli, kwa sababu kinachouamsha mwili zaidi ni urefu wa mchana, halafu joto. London mchana wa Juni unauzidi wa Desemba kwa zaidi ya saa nane. Hapa kwetu tofauti ni saa moja na dakika chache. Mwili wa mbwa haupati tangazo la kueleweka, kwa hiyo unadondosha kidogo kidogo mwaka mzima.

Hata hivyo kwa Bobi naona vipindi viwili vya kuzidi. Kikubwa ni Septemba na Oktoba, kipupwe kikishaondoka na watu wameanza kuokota korosho. Kidogo ni mvua zinapokatika, Aprili kuelekea Mei. Kila kimoja huchukua wiki tatu, nne hivi, kisha anatulia. Wako alizoea asubuhi za Arusha, akashushwa pwani kabla ya baridi ya Juni, na sasa joto la kweli ndiyo linaanza. Sishangai anapukutika kuliko wangu.

Ila usichukue maneno yangu ukalala. Mwaka wa tatu nilifanya hivyohivyo. Manyoya yakaanza kutoka, nikajiambia msimu huo. Bobi akawa anajikuna mpaka usiku, mnyororo unalia, mimi bado nasema msimu. Nilikuja kushtuka mikono yangu ilipotoka vipele vinavyowasha. Nikamkagua vizuri: kingo za masikio zimekauka na kutoa magamba, viwiko vimebaki ngozi tupu. Ulikuwa upele, ule unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ndani ya ngozi, na mtu anayemshikashika mbwa huwashwa pia. Duka la pembejeo nililokimbilia wakanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuniambia nikadirie mwenyewe. Bahati nzuri sikukadiria. Dawa za namna hiyo zikizidi kipimo mbwa anaweza kufa. Daktari wa mifugo alimkwangua ngozi kwa wembe, akatazama kwenye hadubini, akatoa dawa kwa uzito wa mbwa. Ndani ya mwezi akawa mzima.

Kwa hiyo tazama ngozi, sakafu iache. Mbwa anayenyonyoka tu, manyoya hutoka sawasawa mwili mzima, na ukiyafunua ngozi iliyo chini ni safi, haina harufu, na yeye ana raha zake. Ukikuta mabaka yaliyo wazi, wekundu, ukurutu, au anajing'ata juu ya mkia (hapo shuku viroboto), huo si msimu. Baka la mviringo lenye magamba linaweza kuwa fangasi, nalo huambukiza watoto. Manyoya yakipungua pande zote mbili za mwili kwa kulingana, bila kujikuna, mpeleke akapimwe, huenda tatizo ni la homoni. Kama ni jike na amezaa karibuni, kunyonyoka sana ni kawaida.

Na kuna jambo la huku kwetu ambalo huko Arusha hukulijua: salfa. Kuanzia Juni mikorosho inapulizwa unga huo dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wake wa ukungu, na mbwa akikatiza shambani anarudi na unga wa njano tumboni. Unawasha ngozi na macho. Msuuze kwa maji mengi siku hiyohiyo, asianze kujilamba.

Matunzo yangu hayana makuu. Kipindi cha kunyonyoka namsugua kila jioni kwa glovu ya mpira yenye vinundu, na kabla sijaipata nilitumia dodoki kavu, linafanya kazi vizuri tu. Fuata manyoya yanakolala, dakika kumi zinatosha. Kuoga mara moja kwa mwezi, kwa shampuu ya mbwa; sabuni ya kufulia inamkausha ngozi. Akitoka baharini, maji baridi ya bomba, chumvi itoke. Chakula: dona na dagaa wasio na chumvi, yai mara mbili kwa wiki. Unyoya ni protini, huwezi kumlisha ugali mtupu ukategemea ang'ae. Mafuta ya nazi ya kupaka wengi watakushauri. Mimi niliacha: anayalamba yote, na yanayobaki yanashika vumbi.

Jambo la mwisho ni upepo. Nilikuwa namsugulia uani, upande wa kaskazini wa nyumba. Jirani yangu wa upande huo ni mama mtu mzima, wa swala tano. Siku moja aliniita ukutani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, na mbwa wako sina ugomvi. Lakini manyoya yake nayaokota kwenye mswala." Kusi, upepo wa kutoka kusini, lilikuwa likiyabeba yote kwake. Nilimwomba radhi, nikahamia upande wa pili wa nyumba, na nayakusanya kwenye mfuko papo hapo kabla hayajaruka. Wewe nawe angalia upepo unavuma kwenda kwa nani.

Yaliyonasa kwenye mkeka usihangaike na ufagio, yanajichomeka kwenye ukili kama sindano. Lowesha kiganja, ukikung'ute kidogo, uburute kufuata msuko. Yanatoka yenyewe kama kamba. Viti vya gari bado sijapata dawa, mwenye nayo aniambie.