Kutisha, kuzuia na kuridhiana: msamiati wa enzi ya bomu la atomu

SWALI: Ninaandaa kipindi cha redio kuhusu miaka ya mwanzo ya silaha za nyuklia, na katika muswada wangu nimeandika: "Marekani iliitisha Urusi isivamie Ulaya, na baadaye mataifa hayo yalipatanishwa." Mhariri anataka niandike "iliizuia" na "yaliridhiana". Je, ipo tofauti ya maana, au ni suala la ladha tu?

JIBU: Tofauti ipo, tena kubwa. Mhariri wako ameukaribia ukweli kuliko wewe, ingawa kwenye kitenzi cha kwanza na yeye hajafika.

Nianze na "iliitisha", kwa sababu neno hilo litakuangusha hewani kabla hata ya maana yake kujadiliwa. Msikilizaji hana maandishi mbele yake, na akisikia "Marekani iliitisha" atasubiri kusikia mkutano. Kitenzi "itisha", kilichotokana na "ita", kikipewa kiambishi cha nafsi na cha wakati uliopita kinatoa umbo lile lile linalotolewa na "tisha" kikiongezewa kiambishi cha mtendwa: i-li-itisha na i-li-i-tisha hazitofautiki kwa sikio wala kwa jicho. Hilo peke yake lingetosha kulifuta neno hilo kwenye muswada wa redio.

Hata tukiiacha kasoro hiyo, "kutisha" hakubebi unachotaka kusema. Kitenzi hicho hutaja hofu inayomwingia mtu na hakidai kwamba kuna aliyekusudia kuitia; radi hutisha, na giza hutisha. "Kutishia" ni hatua mbele, kwa kuwa anayetishia ana nia, ana silaha au nguvu fulani, na kwa kawaida ana jambo analolitaka. Lakini "kutishia" nako hutaja njia bila kutaja lengo, ilhali "kuzuia" anakokupendelea mhariri wako hutaja lengo bila kutaja njia, na sera ya Marekani unayoizungumzia haieleweki mpaka njia na lengo viwekwe pamoja.

Utaliona hilo vizuri ukiitazama Berlin ya mwaka 1948. Mwezi Juni mwaka huo Wasovieti, yaani hao unaowaita Urusi, walifunga barabara, reli na njia za maji zilizokuwa zikiingia Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyokuwa mikononi mwa Marekani, Uingereza na Ufaransa, na hapo neno "kuzuia" linakaa mahali pake bila maelezo ya ziada, kwa sababu treni lilifika kwenye kizuizi likakwama. Mwezi Julai Marekani ilipeleka Uingereza ndege za B-29, yaani ndege za aina ile ile iliyodondosha mabomu Hiroshima na Nagasaki mnamo Agosti 1945. Ndege hizo hazikumziba mtu njia. Zilikusudiwa zionekane, ili viongozi wa Moscow wapige hesabu ya gharama kabla ya kuchukua hatua nyingine. Jambo ambalo halikutangazwa ni kwamba ndege zilizopelekwa hazikuwa zimetengenezwa kubeba bomu la atomu. Vijana wangesema Marekani ilipiga mkwara, na wazee wangesema ilitishia nyau, na wote wangekuwa na hoja. Hata hivyo kitisho cha aina hii hufanya kazi ndani ya kichwa cha mpinzani, na kilichomo kwenye tumbo la ndege huja baadaye. Ukiandika "ilizuia" kwa Marekani na "walizuia" kwa Wasovieti katika aya moja, msikilizaji atadhani pande zote mbili zilifanya kitu kimoja.

Kwa hiyo napendekeza "kuzuia kwa kitisho" mara ya kwanza unapoitaja sera yenyewe, na baada ya hapo "sera ya kitisho" itatosha. Unapohitaji kitenzi, kitegemee "kuthubutu" katika hali yake ya kukanusha: Marekani ilitaka Wasovieti wasithubutu. Kiswahili kimejaaliwa katika uwanja huu, maana kiini cha sera hiyo ni sentensi ya masharti yenye -ki-, ile ile ya ugomvi wa uani: ukithubutu, utakiona cha mtema kuni. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, alipohutubia New York tarehe 12 Januari 1954, hakutangaza vita dhidi ya yeyote. Alieleza kwamba nchi yake ingetegemea zaidi uwezo mkubwa wa kulipiza papo hapo, kwa njia na mahali itakapopachagua yenyewe. Sharti likitimia ndipo kisasi kije, na lisipotimia silaha ibaki ghalani. Ukiliondoa sharti, hotuba hiyo inageuka kuwa vitisho vya mbabe tu, na hapo utakuwa umeisimulia vibaya, hata kama wewe binafsi unaiona kuwa ilikuwa ya kibabe.

Sasa "yalipatanishwa". Kitenzi "patana" kina -na ya kutendeana: wawili wanafikia makubaliano wao kwa wao. Ukikiongezea -isha unamleta mtu wa tatu, mpatanishi, na ukikitia katika hali ya kutendwa msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Katika historia hii jibu ni gumu kulipata. Umoja wa Mataifa uliunda Kamisheni ya Nishati ya Atomu mwaka 1946, na mwezi Juni Bernard Baruch, mjumbe wa Marekani, alipeleka huko pendekezo la Marekani la kuiweka nishati hiyo chini ya mamlaka ya kimataifa, ambayo adhabu zake zisingezuiliwa kwa kura ya turufu. Andrei Gromyko, mjumbe wa Wasovieti, akajibu kwa kutaka silaha zipigwe marufuku na kuharibiwa kwanza. Wagomvi wenyewe walikuwa wajumbe wa Kamisheni hiyo. Kura ilipopigwa mwishoni mwa Desemba, nchi 10 ziliunga mkono na Wasovieti pamoja na Poland wakajizuia kupiga kura, na mpango ukafia hapo. Hakuna aliyepatanishwa.

"Kuridhiana" ni bora, na mhariri wako amechagua vyema. Uangalie tu usiteleze ukaandika "kuridhisha", kwa sababu viambishi hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vikigombaniwa na wanasiasa wa wakati ule, japo wao hawakuwa na Kiswahili cha kuwasaidia. Kumridhisha mtu ni tendo la upande mmoja: unampa anachotaka ukitumaini atatulia, kama Uingereza na Ufaransa zilivyompa Hitler Sudetenland, eneo la Chekoslovakia, huko Munich mnamo Septemba 1938, naye asitulie. Kuridhiana ni kwa pande mbili, kila mmoja akiachia kitu. Kumbukumbu ya Munich ilikuwa kali kiasi kwamba baada ya 1945 aliyependekeza kuridhiana na Moscow aliweza kushutumiwa kwa urahisi kwamba anaridhisha. Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa vita na aliyekuwa ameyapinga makubaliano ya Munich, alilieleza Bunge la Uingereza mwezi Desemba 1950 kwamba kumridhisha mpinzani kutokana na udhaifu na woga ni bure na ni maangamizi, lakini kufanya hivyo ukiwa na nguvu ni uungwana. Alilazimika kutumia neno moja kwa mambo mawili na kulitenganisha kwa maelezo. Wewe una -isha na -ana.

Usiwape wasikilizaji picha kwamba kitisho kiliisha ndipo maridhiano yakaanza, kama neno lako "baadaye" linavyoashiria. Mnamo Oktoba 1962 Marekani ilizizuia meli zilizopeleka silaha Kuba, kuzuia kwa maana ya kawaida kabisa, ingawa Rais Kennedy alichagua kuliita tendo hilo karantini kwa kuwa kuzingira nchi kwa meli za kivita kunahesabika kuwa tendo la vita. Wakati huo huo majeshi ya nyuklia yalikuwa tayari, na kila upande ulilegeza kamba: makombora ya Wasovieti yaliondoka Kuba, na ya Marekani, kwa ahadi ya siri, yakaja kuondolewa Uturuki. Mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ulipiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, anga za mbali na chini ya maji, ukaacha ya chini ya ardhi. Maghala yenyewe haukuyagusa.

Sentensi yako basi inaweza kusomeka hivi: "Marekani ilitegemea kitisho cha bomu la atomu ili Wasovieti wasithubutu kuivamia Ulaya Magharibi, na huku kitisho hicho kikiendelea, mwaka 1963 pande hizo ziliridhiana kuhusu baadhi ya majaribio ya silaha."

Utaona pia nimeiondoa "Urusi". Katika mazungumzo jina hilo halina shida, lakini katika kipindi cha historia andika "Muungano wa Kisovieti", au "Wasovieti" unapobana maneno, kwa sababu uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk, bomu lao la kwanza lilipolipuliwa tarehe 29 Agosti 1949, uko Kazakhstan, si Urusi.