Jibu: Wazee na vijana wametoa majibu yaleyale kwenye hojaji

Habari ndugu,

Umeeleza kwamba hojaji yako kuhusu uwajibikaji wa kampuni kwa jamii imewafikia wazee na vijana, na karibu wote wamejibu "nakubali kabisa", kwa hiyo huoni tofauti ya vizazi. Kwanza kagua swali lenyewe. Ukimuuliza mtu kama anapenda kampuni inayosaidia jamii, atakubali kwa adabu tu, awe na miaka 20 au 70. Mimi niliachana na maswali ya namna hiyo, nikataja mpango mmoja unaojulikana, yaani Wings to Fly wa Equity Group Foundation, ulioanza mwaka 2010 kuwalipia masomo ya sekondari wanafunzi werevu wasiojiweza nchini Kenya, kisha nikauliza kama mpango huo uliwahi kumfanya mtu afungue akaunti au abaki na Benki ya Equity, yenye taasisi hiyo. Hapo ndipo majibu yalipoachana: wazazi walimtaja mtoto wa jirani aliyefadhiliwa, ilhali vijana waliuliza makato ni kiasi gani. Tenganisha pia umri na kipato, kwa sababu kijana asiye na ajira hufuata bei nafuu, hata kama anaiheshimu zaidi kampuni nyingine. Na usiwahoji vijana mbele ya wazazi wao. Watajibu kama wao.