Kabla Hujapeleka Andiko kwa Mfuko wa Familia

"Shikamoo dada. Nimeandika andiko la mradi kwenda Walton Family Foundation, kuomba madawati na vitabu kwa shule tatu za huku kwetu Masasi. Mpaka leo kimya. Naomba uniambie nimekosea wapi."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinifikia wiki ileile ambayo mfadhili wetu mkuu, naye ni mfuko wa familia, yaani taasisi inayotoa misaada kwa mali ya familia moja, alituongezea mkataba wa miaka mitatu mingine. Nimeshangilia na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu kabla ya kufika hapa tulidharauliwa sana. Nakujibu hapa mbele ya wasomaji wote, maana wanaoniuliza swali kama lako ni wengi.

Kuandika si kosa. Ulichokiruka ni kuijua familia. Sam Walton alifungua duka la kwanza la Walmart mwaka 1962 katika mji wa Rogers, Arkansas, na mwaka 1987 yeye na mkewe Helen wakaanzisha mfuko huo. Fedha zake huelekezwa zaidi kwenye mambo matatu: mageuzi ya shule nchini Marekani, mito na bahari, na maendeleo ya kwao kaskazini-magharibi mwa Arkansas. Hata hayo mageuzi ya shule yana sura yake. Kwa miaka mingi wamezibeba shule za charter, zinazolipiwa na kodi za wananchi lakini zinajiendesha nje ya mamlaka ya kawaida ya elimu ya wilaya. Mwaka 2016 walitangaza kutoa dola bilioni 1 kwa elimu katika miaka mitano. Vyama vya walimu vya huko vinalalamika kwamba shule hizo zinachukua wanafunzi na fedha za shule za umma, na mabishano hayajaisha. Wewe uliona neno elimu ukadhani mnaongea jambo moja. Madawati ya Masasi hayamo kabisa katika mazungumzo yao.

Mfuko wa familia una mwenyewe, na mwenyewe ana historia, ana mapenzi yake, ana watoto watakaorithi viti vyake. Hilo nimelijua kwa machozi.

Niliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa Uwezo, ule upimaji wa watoto katika kusoma na kuhesabu ulioanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa kufuata mfano wa India. Tulikuwa watu wa kujitolea, tukipita nyumba kwa nyumba na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Mimi nilipangiwa vijiji vya Muheza. Kulikuwa na binti wa Darasa la Saba aliyeishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Ripoti ilipotoka, ikasema kwamba katika Darasa la Tatu ni kama watoto watatu tu kati ya kumi walioweza kuisoma hadithi ile ya Darasa la Pili. Wengi walishtuka. Mimi nilikuwa nimeshamwona yule binti.

Baadhi ya fedha zilizowezesha upimaji ule zilitoka kwenye mfuko wa William na Flora Hewlett wa California, ulioanzishwa mwaka 1966 na mmoja wa waasisi wa kampuni ya Hewlett-Packard. Nao wanatoa kwa mambo mengi: elimu, mazingira, sanaa za jukwaani. Walton na Hewlett wote wanasema elimu, lakini mmoja anamaanisha shule za Marekani, na mwingine fedha zake zilifika mpaka kwenye kibaraza cha nyumba ya Muheza. Tofauti hiyo huijui mpaka usome.

Baada ya hapo mimi na walimu wawili tukaanza masomo ya jioni ya kusoma. Tuliwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma, siyo kwa darasa. Mfuko mmoja wa familia kutoka Ulaya, jina nalihifadhi, ukatushika mkono. Aliyeuanzisha alikuwa mzee mwenye moyo. Hakutaka ripoti nene, alitaka kuona mwandiko wa watoto, nasi tulimtumia daftari halisi kwa posta. Tukakua, kata hadi kata.

Mzee akafariki. Watoto wake wakakaa kwenye bodi, na katikati ya muhula ikaja barua fupi ya kiofisi: familia imeamua kuelekeza nguvu zake kwenye uhifadhi wa bahari. Hawakuuliza walimu watalipwaje nauli mwezi ule. Hawakuuliza juu ya watoto. Nilimpelekea barua ile mwenyekiti wa bodi yetu, mzee wangu wa Tanga, akaisoma taratibu akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "ile ilikuwa hela ya baba yao. Baba yao hayupo."

Bado inaniuma. Bahari ni kitu kizuri, mimi mwenyewe ni mtu wa pwani, lakini binadamu hufunga mlango kwa adabu. Ndiyo maana nakwambia wewe na wenzako: muulizeni mfadhili mapema nani anaamua, na nani ataamua baada yake. Swali hilo si la utovu wa adabu. Familia makini ina jibu.

Kisha akaja mfadhili mwingine na ahadi nono. Alitaka tuachane na vikundi vya kusoma, tugawe vishikwambi. Ofisini hali ilikuwa mbaya, kodi ya pango tumechelewesha, na nusu ya bodi ilitaka tukubali. Nilikataa. Nilisimama mbele yao nikawaeleza kuhusu KiuFunza, jaribio la asasi ya Twaweza la mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10 za nchi hii. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu wakaahidiwa motisha kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa kusoma na kuhesabu, nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza chochote kwenye ujuzi wa watoto. Palipokutana ruzuku na motisha ya mwalimu, watoto walijifunza zaidi. Ushahidi huo umetoka kwetu, shuleni kwetu. Nani basi atanishawishi kwamba kifaa kikitua mezani bila mwalimu aliyetiwa moyo mtoto atasoma? Mfadhili yule akaondoka. Walimu wetu wakabaki wakifanya kazi kwa nauli ya kuchangishana, na takwimu za watoto wetu zikaendelea kuandikwa kila muhula bila kukosa. Takwimu hizo ndizo zilizomleta huyu tuliye naye sasa. Alituambia wazi kwamba asasi iliyopima kazi yake wakati haina mfadhili ndiyo anayoiamini.

Shinikizo la namna hii lina umri mkubwa kuliko sisi. Mwaka 1911 ulianzishwa New York mfuko wa Phelps-Stokes kwa wosia wa mama mmoja tajiri, Caroline Phelps Stokes. Mwaka 1924 mfuko huo ukatuma tume kutazama elimu ya Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake akiwemo James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Tume ikapendekeza elimu ya kilimo, kazi za mikono na afya ya kijijini, kwa mfano wa shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, na mwaka 1925 shule ya Jeanes, ya kuwaandaa walimu wa vijijini, ikaanza Kabete, Kenya. Yalikuwemo mema. Lakini Waafrika wengi walitaka pia elimu ya vitabu na Kiingereza, ileile iliyowapa wengine mamlaka. Wosia wa mtu mmoja ulivuka bahari ukaamua mtoto wa hapa afundishwe nini. Kwa hiyo ukipokea fedha za familia, pokea ukiwa unajua unachokisimamia, vinginevyo utasimamia cha kwao.

Sasa ya kutenda. Mifuko binafsi ya Marekani inalazimika kila mwaka kujaza fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na fomu hiyo ni wazi kwa kila mtu. Ingia tovuti ya Nonprofit Explorer ya shirika la habari la ProPublica, ni bure, andika jina la mfuko. Utaona waliolipwa, kiasi gani, kwa kazi gani. Utaona wajumbe wa bodi. Ukikuta jina la ukoo linajirudia, umeshajua meza ya uamuzi iko wapi. Na kuna kisanduku ambacho mfuko hutia alama kama unatoa kwa asasi ambazo mfuko wenyewe umezichagua tu na haupokei maombi yasiyoalikwa. Ukiona alama hiyo, usipoteze usiku wako kuandika. Sheria ya kule tangu mwaka 1969 inaitaka mifuko hii itoe fedha kila mwaka, na kiwango kwa sasa ni karibu asilimia 5 ya thamani ya mali zake, gharama za kuendesha kazi hiyo zikiwemo. Usiombe kwa unyonge, basi. Kutoa ni wajibu wao, na kazi nzuri ni wajibu wako.

Nyumba yako nayo iwe safi. Hesabu zikaguliwe, na mkataba wa mfadhili unaozidi shilingi milioni 20 uufikishe kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kama kanuni zinavyotaka. Usilale kwenye mfuko mmoja. Usilale kwenye mfuko mmoja, narudia, kwa sababu mimi nililala. Na usidhani familia zenye kutoa ziko ng'ambo tu. Ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam, ambamo Bunge letu la mwanzo lilikutana, ni zawadi ya familia iliyoanza biashara Zanzibar. Mo Dewji alitia saini mwaka 2016 ahadi ya kutoa angalau nusu ya mali yake.

Mdogo wangu wa Masasi, anza na mifuko ambayo tayari imelipa asasi ndogo za Tanzania. Segal Family Foundation ya New Jersey, iliyoanza mwaka 2007, ni mmoja wa kuusoma. Andika barua ya ukurasa mmoja, siyo andiko la kurasa arobaini. Na kabla ya madawati, waombe walimu wakuu wa shule zako tatu wakuruhusu uwapime watoto wa Darasa la Tatu kusoma. Ukiipata hesabu hiyo nitumie, tuiandike barua pamoja.