Jalada la Mbozi likae wapi? Kwa unayeanza kazi ya kutunza nyaraka kwenye mfumo

Mwaka 2014 nilikabidhiwa kazi ya kutoa nyaraka za ofisi yetu hapa Mbeya makabatini na kuziingiza kwenye mfumo wa kompyuta. Nilipanga folda kwa kufuata ramani: mkoa, ndani yake wilaya, ndani yake kijiji, halafu mwaka. Wilaya ya Mbozi ikakaa ndani ya mkoa wa Mbeya, na kwa siku zile hapakuwa na kosa.

Januari 2016 mkoa wa Songwe ukaanzishwa. Mbozi, Momba na Ileje zikatoka Mbeya. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema, akafungua folda ya Songwe na kuhamishia humo kila kitu cha Mbozi. Linki zote tulizokuwa tumetumiana kwenye barua pepe zikafa siku hiyo hiyo. Mwingine hakuwa na habari; alipoikosa folda aliyoizoea, aliifungua upya chini ya Mbeya na kupakia nakala zilizokuwa kwenye kompyuta yake. Mkaguzi alipokuja kuomba mkataba wa ghala la Vwawa, huko Mbozi, wa 2015, tulikuta mikataba mitatu yenye jina moja, na ukurasa wa sahihi ulikuwa kwenye mmoja tu. Tuliutafuta siku mbili. Kumbe ofisi za Njombe walishaonja haya tangu 2012 walipojitenga na Iringa, nasi hatukuwahi kuwauliza.

Ndugu yangu unayeanza, ningependa ulielewe hili kabla hujafungua folda yako ya kwanza. Folda inaipa hati mahali pamoja tu, na hati moja inatafutwa na watu wengi, kila mmoja kwa njia yake. Mhasibu anaijua kwa malipo, bwana shamba anaijua kwa kijiji, mwanasheria anaijua kwa tarehe ya kuisha. Ukichagua njia ya mmoja na kuifanya folda, wengine umewafungia mlango.

Ndiyo maana mifumo hii, iwe Alfresco, SharePoint au mwingine, inakupa sehemu za kujaza maelezo ya hati: aina yake, tarehe, wilaya, mhusika, kumbukumbu namba. Wageni wengi huziruka kwa sababu zinachelewesha kupakia. Usiziruke. Wilaya ikiwa kwenye maelezo, mkoa ukigawanywa kesho unarekebisha maelezo na hati haisogei hata hatua moja. Folda zibaki chache na zifuate kazi inayofanyika: Mikataba, Malipo, Barua, Mafunzo. Mimi sivuki ngazi tatu.

Aliyenifungua macho ni karani mzee wa masjala, chumba cha kutunzia majalada, mama aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imemfanya ajifunike khanga mabegani, alinitolea jalada moja na kunionyesha mambo matatu. Juu ya jalada palikuwa na somo, yaani kazi inayofanyika, na si jina la mtu wala la mahali. Kila karatasi ndani ilikuwa na namba yake ya folio kwenye kona, hivyo ikichomolewa pengo linaonekana. Na palikuwa na daftari la kuonyesha nani amechukua jalada, lini, na amelirudisha lini. Nilitoka pale nikiwa nimeuelewa mfumo wetu kuliko nilivyouelewa kwenye mafunzo ya wiki nzima. Somo la jalada ndiyo folda. Folio ni namba ya hati. Daftari lake ni ule uwezo wa kufungia hati unapoihariri ili mwenzako asiiguse mpaka uirudishe. Kama ofisini kwenu bado kuna masjala, nenda ukakae humo siku moja.

Sasa majina ya mafaili, maana hapa ndipo vijana wengi wanakwama. Mifumo mingi hupanga majina herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiandika tarehe 9-7-2024, barua zote za tarehe 9 za miezi na miaka yote zinajikusanya pamoja. Anza na mwaka: 2024-07-09. Zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku. Kisha aina ya hati, kisha jambo lenyewe: 2024-07-09_Mkataba_Ghala_Vwawa. Sifuri iliyo mbele ya 7 usiiache, la sivyo mwezi wa 10 unaweza kutangulia wa 2.

Mkwaju, yaani alama hii /, ndio utakusumbua zaidi, kwa sababu sisi tunauandika kila siku. Mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai na kuishia 30 Juni, tunauandika 2024/2025. Kumbukumbu namba za barua nazo zimejaa mikwaju. Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, na SharePoint vilevile. Kwenye jina weka kistari, 2024-2025. Namba kamili ya barua, na mikwaju yake yote, iandike kwenye sehemu ya maelezo.

Usiandike kamwe "mpya", "mwisho" au "mwisho kabisa" kwenye jina. Mfumo unatunza matoleo. Ukirekebisha hati, ipakie juu ya ile ile kama toleo jipya, na uandike kwa maneno machache ulichobadilisha: "Kodi ya ghala imerekebishwa, kifungu cha 4." Miaka mitatu baadaye maneno hayo machache ndiyo yatakayomwokoa mtu.

Majina ya mahali yana shida yake huku kwetu. Mtu akiandika "Songwe" peke yake anaweza kumaanisha mkoa, wilaya iliyo ndani ya mkoa huo, mto wa mpakani na Malawi, au uwanja wa ndege, ambao wenyewe uko mkoa wa Mbeya. Andika "Mkoa wa Songwe" au "Uwanja wa Ndege Songwe", usikate. Wilaya ya Wanging'ombe nayo nimeikuta imeandikwa na ritifaa (alama hii '), bila ritifaa, na kwa ritifaa iliyopinda inayowekwa na programu ya kuandikia. Yote ni maneno tofauti kwa kompyuta. Mwombe msimamizi wa mfumo aweke orodha ya wilaya ya kuchagua, watu waache kuziandika kwa mkono.

Karatasi zilizoskaniwa ni picha tu. Usipozipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi, ukitafuta neno lililo ndani hutalipata. Tesseract ni ya bure na inakisoma Kiswahili, ila mwandiko wa mkono usiitegemee. Hapo jaza maelezo mwenyewe.

Ruhusa zitolewe kwa kikundi, si kwa mtu mmoja mmoja. Na ukifuta kwa bahati mbaya, wahi: Google Drive inasafisha taka zake baada ya siku 30, SharePoint baada ya siku 93.

Ukishapanga hati zako ishirini za kwanza, usiendelee. Mwite mwenzako ambaye hakuwepo ulipokuwa unazipakia, mtajie hati moja kwa maneno ya kawaida, "ule mkataba wa ghala la Vwawa," ukae pembeni bila kumwelekeza. Akikwama, tazama ameandika neno gani kwenye kutafuta, halafu liongeze neno hilo kwenye maelezo ya hati.