Makumbusho ya Historia Tallinn: Jipange Kabla ya Kuingia

Wageni wengi wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, hufika asubuhi kwa feri kutoka Helsinki na kurudi jioni. Feri huchukua kama saa 2, na kutoka bandarini hadi Mji Mkongwe ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu. Muda unatosha, ila wengi huumalizia kwenye uwanja wa Jumba la Jiji, makumbusho yakabaki na nusu saa ya mwisho. Anza nayo, na uyatengee saa 2.

Hakikisha kwanza unaenda jengo gani. Eesti Ajaloomuuseum, yaani Makumbusho ya Historia ya Estonia, yana majengo zaidi ya moja. La Mji Mkongwe liko Pikk 17. Jingine ni kasri la Maarjamäe, kando ya bahari, kilomita kadhaa kutoka hapo. Huko ndiko yalikowekwa masanamu ya enzi ya Kisovieti. Ukiandika jina tu kwenye ramani ya simu unaweza kupelekwa kusiko, kwa hiyo andika anwani. Angalia na siku pia, maana miezi ya baridi makumbusho mengi ya huko hufungwa Jumatatu. Kiangazi shida ni meli za kitalii: makundi hujaa kuanzia katikati ya asubuhi, basi uwe mlangoni wanapofungua.

Barabara za Mji Mkongwe zimetandikwa mawe. Begi la magurudumu madogo litakwama na kukatika gurudumu. Liache stesheni au hotelini. Kuanzia Desemba hadi Machi mawe hayo hushika barafu, na kiatu cha soli laini hakifai hata kidogo.

Kinachowapoteza watu zaidi ni kuingia bila kujua nani alitawala lini. Maonyesho ya Pikk 17 yanabeba miaka 11,000 na yamepangwa zaidi kwa mada kuliko kwa mfululizo wa miaka, kwa hiyo sarafu ya Kiswidi na silaha ya Kijerumani zinaweza kukuchanganya. Andika haya kwenye karatasi: Wadenmark 1219, Shirika la mashujaa wa Kijerumani (watawa wa Kikristo waliokuwa askari) 1346, Waswidi 1561, Warusi 1710, uhuru 1918, Wasovieti 1940, Wajerumani 1941, Wasovieti tena 1944, uhuru kurudi 1991. Mistari tisa tu, lakini kila kabati la vioo litaanza kusema. Kumbuka pia kwamba zamani mji uliitwa Reval. Ukilikuta jina hilo kwenye maandishi, ni Tallinn hiyo hiyo.

Usikimbilie vioo, lakini. Jengo lenyewe ndilo kitu cha thamani kuliko vyote humo. Ni ukumbi wa Chama Kikuu cha wafanyabiashara, uliojengwa 1407 hadi 1410. Simama mlangoni utazame vigongeo vya shaba vyenye sura ya simba, vya mwaka 1430. Ndani, nenda katikati ya ukumbi uinue macho ufuate matao ya dari yanavyoteremka juu ya nguzo za mawe. Hapa ndipo matajiri wa mji walipokutana na kula karamu, na aliyekuwa hajaoa hakuwa na nafasi.

Hao wasiooa walikuwa na chama chao, Udugu wa Vichwa Vyeusi, na nyumba yao iko hatua chache mbele, Pikk 26. Ukitoka, vuka uende ukaione kabla hujarudi uwanjani. Msimamizi wao alikuwa Mtakatifu Mauritius, askari ambaye mapokeo yanasema alitoka Thebes, Misri. Mlango umechongwa na kupakwa rangi za kijani, nyekundu na dhahabu, na juu yake kuna kichwa cha mtu mweusi, kimewekwa pale kwa heshima na wafanyabiashara wa Kijerumani.