Kilatini cha kuanzia: soma mwisho wa neno kwanza

Jaribio langu la kwanza la Kilatini nilipata 31 kwa 100. Ilikuwa wiki ya tano ya masomo ya uzamili huko Uingereza, na nilikuwa nimeingia darasa lile kwa sababu moja: nilitaka kusoma maandishi ya watawa wa Zama za Kati kwa macho yangu mwenyewe, bila kumtegemea mfasiri. Na nilikuwa nimejiandaa. Nilikariri maneno zaidi ya mia mbili. Nilijua rex ni mfalme, terra ni ardhi, dare ni kutoa. Kwenye sentensi nilikuwa naokota maana ya neno moja moja, naziunga kadiri zinavyoingia akilini, basi naandika jibu. Kilatini hakisomwi hivyo, na iliniuma kuligundua hilo mbele ya karatasi yenye wino mwekundu.

Tangu nirudi nyumbani, vijana waliopata nafasi za kusoma historia au teolojia huniuliza kama wakichukue au wakikwepe. Nawaambia wakichukue, tena wasikiogope, kwa sababu Mswahili anaingia darasani akiwa na mtaji ambao mimi nilichelewa kuuona.

Mtaji wenyewe ni ngeli. Tazama: "kiti cha mzee kilichovunjika mguu" na "kiti cha mzee aliyevunjika mguu." Hakuna mtoto wa Kiswahili atakayeuliza mguu upi umevunjika. Ki- inarudi kwenye kiti, a- inarudi kwa mzee, hata maneno yakitengana. Kilatini kinafanya kazi hiyohiyo, ila sisi tunafunga kamba mwanzoni mwa neno, wao wanaifunga mwishoni. Nomino ina maumbo sita kwa umoja na sita kwa wingi, mengine yakifanana, na nomino zote zimegawanywa katika makundi matano. Umbo ndilo linalokuambia nani katenda, nani katendewa, nani kapewa, na kitu ni cha nani. Wenzangu Waingereza waliona mzigo mzito, maana lugha yao imeshaacha karibu mambo hayo yote. Mimi nilikuwa nimebeba mzigo wa aina hiyo tangu utotoni bila kuuhisi.

Nilipoanza kuona hivyo nilikuwa nasoma Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha taratibu za maisha ya watawa, cha karne ya 6. Nimekulia si mbali na Peramiho, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1898, kwa hiyo jina la kitabu nililijua kabla sijajua hata herufi yake moja. Kinaanza hivi: "Obsculta, o fili, praecepta magistri, et inclina aurem cordis tui." Sikiliza, mwanangu, maagizo ya mwalimu, utege sikio la moyo wako.

Kaa na maneno matatu ya mwisho. Aurem ni sikio, likiwa kitu kinachotegwa. Cordis ni "la moyo". Tui ni "-ako". Lakini -ako ya nini, ya sikio au ya moyo? Kwa Kiswahili "sikio la moyo wako" na "sikio lako la moyo" ni vitu viwili, na wa- au la- ndiyo inayoamua. Kwa Kilatini mwandishi angetaka "sikio lako" angeandika tuam, lifuatane na aurem. Ameandika tui, kwa hiyo limefungwa kwa cordis. Moyo wako. Jioni ile niliirudia mistari ile kwa sauti chumbani, na kwa mara ya kwanza sikuwa nakisia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukifika kwenye sentensi, usikimbilie kamusi. Tafuta kitenzi, uone mwisho wake unasema nani. Kisha tafuta nomino inayokubaliana nacho. Kisha uliza kila neno lililobaki limefungwa wapi. Maana za maneno zije mwisho.

Miisho yenyewe haina njia ya mkato. Ni kukariri, na kukariri kwa sauti. Nilikuwa naimba mensa, mensam, mensae wakati naosha vyombo. (Mensa ndiyo meza yetu, iliyotufikia kupitia Kireno.) Irabu za Kilatini zinakaa vizuri mdomoni mwetu, a e i o u bila kupindapinda, basi tumia faida hiyo. Kwa nomino za kundi la tatu, usikariri rex peke yake. Kariri "rex, regis", maana shina la kweli, reg-, linaonekana kwenye umbo la pili tu. Nilipuuza hilo kwa miezi miwili na nikalazimika kuanza upya na kila neno.

Halafu tumia maandishi ambayo tayari unayajua kwa moyo. Nilimpigia bibi yangu simu baada ya lile jaribio. Alisali Misa kwa Kilatini miaka yake ya ujana, kabla mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 hayajaleta Kiswahili altareni. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Kilatini kimenishinda." Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akaanza Pater noster, yaani Baba Yetu, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulifundishwa kusema. Wewe umepata bahati ya kufundishwa kuelewa."

Nikaichukua sala ile kama somo. "Et dimitte nobis debita nostra, sicut et nos dimittimus debitoribus nostris." Biblia ya Union inasema, "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Weka mistari miwili sambamba. Nobis ndiyo -tu- iliyomo ndani ya utusamehe. Nostra inafuata debita kama zetu inavyofuata deni. Nostris inafuata debitoribus kama wetu inavyofuata wadeni. Ukimaliza hapo nenda Injili ya Yohana, "In principio erat Verbum," yaani "Hapo mwanzo kulikuwako Neno." Biblia ya Kilatini, kazi ambayo Jerome aliianza karibu na mwaka 382, ndiyo kitabu ambacho waandishi wa Zama za Kati walikinywa kama maji. Misemo yake utakutana nayo tena kwenye barua, kwenye mahubiri, hata kwenye hesabu za mashamba.

Jambo ambalo darasa la kuanzia huenda lisikuambie mapema ni kwamba Kilatini cha kitabu cha mafunzo, cha akina Cicero, waandishi wa Roma ya kale, hakifanani na kile utakachokuta kwenye hati za karne ya 13, zilizoandikwa kwenye ngozi ya kondoo. Ae imekuwa e: terrae imeandikwa terre, haec imeandikwa hec. Mihi imekuwa michi, nihil imekuwa nichil, gratia imekuwa gracia. Nilipoteza saa nzima kamusini nikilitafuta "terre" kama neno jipya, kumbe ni "ya ardhi" niliyoikariri wiki ya kwanza. Sarufi nayo imelegea kwa namna inayotupendelea. Mahali ambapo Cicero angetumia muundo mgumu, karani wa Zama za Kati anaandika tu quod, yaani "kwamba", na sentensi inaendelea kama yetu.

Vifupisho vilinitisha kuliko yote, na sikupaswa kutishika. Ngozi ilikuwa ghali na karani alikuwa na haraka, basi alikata maneno. P iliyokatwa mstari kwenye mkia ni per. P yenye mstari juu ni pre. Mstari juu ya irabu mara nyingi unadai m au n iliyoachwa. Kitu kama 9 mwanzoni mwa neno ni con, kitu kama 7 ni et. Anayesoma ujumbe wa simu ulioandikwa "cjui" na "2taonana" bila kukwama ana akili ya kutosha kwa kazi hii. Orodha kubwa ya vifupisho hivyo aliikusanya Adriano Cappelli mwaka 1899, na hadi leo iko kwenye meza za wasomaji.

Hatari yake ni moja: karani akifupisha, anachokata mara nyingi ni mwisho wa neno, yaani palepale ulipohitaji. Muhula wa pili nilipewa hati yenye sentensi ya namna hii, nimeifupisha na kubadili majina: "Willelmo filio Roberti dedit Agnes unam acram terre." Willelmo alikuwa amekatwa, amebaki Will' na alama. Kwa kuwa ametangulia, nikamfanya ndiye mtoaji, nikaandika ukurasa mzima juu ya ukarimu wake. Lakini filio lilikuwa limeandikwa kamili, na filio ni "kwa mwana". Willelmo, mwana wa Robert, ndiye aliyepewa ekari ile moja. Ardhi ilikuwa ya Agnes, naye ndiye aliyeitoa, na mimi nilikuwa nimemwondoa mwanamke yule kwenye hati yake mwenyewe. Hilo liliniumiza kuliko zile alama 31. Tangu hapo neno likikatwa, natafuta jirani yake aliyeandikwa kamili, kama vile ungetafuta cha au la ili kujua ngeli ya neno usilolifahamu.

Hati za namna hiyo zinakwenda kwa kanuni, kama barua zetu za zamani zilivyokwenda kwa "ama baada ya salamu". Sciant presentes et futuri, wajue waliopo na wajao. Habendum et tenendum, ya kuwa nayo na kuishika. Hiis testibus, mbele ya mashahidi hawa. Jifunze fomula kumi za aina hii na utajua uko wapi kwenye hati kabla hujafungua kamusi. Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, zina masomo ya bure ya Kilatini cha nyaraka za 1086 hadi 1733, mwaka ambao Kilatini kiliacha kutumika katika kumbukumbu za mahakama za huko. Kwa kamusi, ile ya Kilatini cha Zama za Kati kutoka vyanzo vya Uingereza, iliyochapishwa kidogo kidogo tangu 1975 na kukamilika 2013, ina maneno ambayo kamusi za Kilatini cha kale hazina.

Ukiwa bado hujasafiri, usisubiri ratiba ya chuo. Chukua daftari, andika Pater noster mstari kwa mstari upande mmoja na Baba Yetu upande wa pili, kisha chora mstari kutoka kila noster, nostra na nostris hadi kwenye neno ambalo limefungwa nalo.