Muulize Fundi: Yale magazeti ya kompyuta yamekwenda wapi?

*Shikamoo Fundi. Mjomba wetu alifariki hapa Nyegezi, na sisi wapwa zake ndio tunaosafisha chumba chake. Alikuwa fundi umeme kwenye meli za ziwani. Tumekuta maboksi sita ya magazeti ya kompyuta ya Kiingereza, mengi ni BYTE na PC Magazine, ya miaka ya 1980 na 1990. Mkewe anataka kuyagawa kwa watoto wa jirani wafunikie madaftari. Kaka yangu anasema hiyo ni mali, tutafute mnunuzi. Mimi nina swali jingine pia: mbona siku hizi siyaoni popote? Nani aliyaua?*
Mpwa, Nyegezi

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mwambie mama asubiri kidogo kabla ya kugawa, ingawa namwelewa kabisa. Karatasi ile inayong'aa haifai kufungia maandazi kwa sababu hainyonyi mafuta, lakini kwa kava la daftari haina mpinzani. Nilipokuwa shule ya msingi hapa Mwanza daftari langu la hesabu lilivaa tangazo la printa. Wenzangu walikuwa na picha za wacheza mpira. Mimi nilikuwa na printa, na nilijua bei yake kwa dola kabla sijaiona printa yenyewe kwa macho.

Nianze na mjomba wako, maana nadhani hujui alikuwa mtu wa namna gani. Januari 1975 gazeti la Marekani la Popular Electronics lilitoa kwenye jalada picha ya kompyuta iitwayo Altair 8800, ya kujiungia mwenyewe nyumbani, kwa bei isiyofika dola 400. Kijana Paul Allen aliiona kwenye kibanda cha magazeti, akanunua nakala, akakimbilia kwa rafiki yake Bill Gates. Mwaka huohuo wakaanzisha Microsoft. Septemba 1975 ndipo BYTE likatoka toleo lake la kwanza.

Hapa kwetu je? Mwaka 1974, yaani mwaka mmoja tu kabla ya hayo, serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hazina ilikuwa na kompyuta tangu 1965, lakini jaribio la kuhamishia humo hesabu za serikali liliishia kwenye vurugu na hasara, na wakubwa wakaona basi. Marufuku ile ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo ukikuta toleo la mwaka 1984 kwenye boksi, jua kwamba mjomba alikuwa anasoma habari za mashine ambayo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuingiza bandarini. Alikuwa anasoma kama sisi tulivyosoma habari za mwezini. Sijui aliyapata kwa nani, lakini wengi wa rika lake waliyapata kwa mapadri wa Kizungu au kwa vijana waliorudi masomoni Ulaya.

Sasa fungua moja. Tafuta kurasa zilizojaa mistari iliyoanza na namba: 10, 20, 30, halafu neno DATA na msururu wa tarakimu zilizotenganishwa kwa mkato. Hizo ni programu. Gazeti lilikuwa linachapisha programu nzima kwenye karatasi, nawe unakaa kwenye kibodi unainakili herufi moja moja. Ukikosea tarakimu moja, mchezo haufunguki, au unafunguka na kuzima kila kitu. Gazeti la Compute! lilifika mahali pa kuwapa wasomaji kiprogramu cha kukagua kila mstari: ukishauandika kinakutolea alama ya kulinganisha na ile iliyochapwa gazetini. Watu walijifunza kompyuta hivyo, kwa kunakili na kukosea, na mafundi wazuri niliowahi kukutana nao wana macho ya namna hiyo mpaka leo.

Ukimaliza hapo, usiruke matangazo. Wewe utaona ni takataka, mimi nakwambia ndiyo moyo wa gazeti lenyewe. Kulikuwa na Computer Shopper la Marekani, pana kama gazeti la kila siku, ambalo enzi zake lilipita kurasa 800 kwa toleo moja, na sehemu kubwa ilikuwa bei tupu: memori, diski, mazabodi, moja baada ya nyingine kwa maandishi ya sisimizi. Watu walilinunua *kwa ajili* ya matangazo. Kampuni kama Dell zilikua kwa kuuza kwa posta kupitia kurasa hizo. Pesa ya matangazo ndiyo iliyowalipa waandishi, ndiyo iliyolipia maabara ya PC Magazine ambako walipanga printa nyingi pamoja na kuzipima zote kwa karatasi ileile.

Ndiyo maana nikiulizwa nani aliyaua sitaji msomaji. Msomaji hakuchoka kusoma. Mwaka 1996 Dell walianza kuuza kompyuta moja kwa moja kwenye tovuti yao. Mwenye duka akishakuwa na dirisha lake mwenyewe, halipi tena ukurasa wa gazeti. Mwaka 2000 Google wakaanzisha mfumo wao wa matangazo, na fedha iliyobaki ikahamia huko. Ongeza tatizo la muda: gazeti la kila mwezi linaandaliwa miezi miwili mitatu kabla, na bei ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, imeshashuka kabla wino haujakauka. BYTE lilikwenda mapema, toleo la mwisho Julai 1998, likiwa bado lina jina kubwa. Kampuni iliyolinunua ndiyo iliyolifunga. PC Magazine likaacha karatasi mwanzoni mwa 2009, PC World mwaka 2013, Macworld la Marekani mwaka 2014. Maximum PC na MacLife ziliburuta mpaka 2023. Si kila mahali lakini: Wajerumani bado wanachapa gazeti lao la kompyuta liitwalo c't, lililoanza 1983.

Huku Kanda ya Ziwa yalichelewa kufa, na sababu ni hesabu tu. Modemu, kile kifaa cha kuingia intaneti kwa laini ya simu, ikijitahidi sana, ilishusha kama kilobaiti 7 kwa sekunde. CD moja ya programu iliyobandikwa kwenye jalada la gazeti ilikuwa na megabaiti kama 650. Kuishusha kwa simu ni zaidi ya saa 24 bila laini kukatika, na hapa Mwanza umeme wenyewe usingekuruhusu. Kwa hiyo gazeti la miezi minane iliyopita, lililotandikwa kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, bado lilikuwa na antivirusi mpya kuliko yako. Mambo yaligeuka baada ya SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, kutua Dar es Salaam mwaka 2009 na intaneti kuanza kushuka bei.

Haya, maboksi. Mnunuzi wa fedha nyingi hapa mjini msimtegemee, mwambie kaka. Matoleo mengi ya BYTE yamekwisha kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na yanasomeka bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kwa hiyo maneno hayatapotea mkiyagawa. Kisichokuwepo huko ni mkono wa mjomba. Pitieni kila toleo, mkikuta amepigia mstari, ameandika pembeni kwa penseli, amechora sakiti, amekosoa programu, hilo ni la ukoo, liwekeni. Yaliyobaki ulizeni kwanza kwenye maktaba ya mkoa au chuo kama wanayataka, msiwatupie tu mlangoni. Na unyevu wa ziwani mnaujua: karatasi ya kung'aa ikilowa kisha ikakauka, kurasa zinagandana moja kwa moja. Msizibandue kwa nguvu, mtang'oa maandishi. Zilizogandana ndizo wapeni watoto.

*Fundi habari za kazi. Nina CD tatu za zamani zilizotoka na magazeti ya kompyuta, baba alizitunza. Laptopu yangu haina mahali pa kuingiza CD. Zina faida yoyote?*
Mwanafunzi, Ukerewe

Nzuri, karibu. Faida ya kutumia, hakuna. Antivirusi ya 2003 haikulindi na kitu, na usithubutu kuiweka. Faida ya kumbukumbu ipo: humo utakuta programu ndogo za majaribio na michezo ya hatua ya kwanza tu, ukitaka iliyobaki ununue. Azima kisomea CD cha nje cha kuchomeka kwenye USB, nakili CD nzima kama faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya CD ndani ya faili moja, weka kwenye flashi. Kabla hujaichomeka, iinue juu ya taa uitazame. Ukiona mwanga unapenya kwa vitobo vidogo, utando wake umeshaanza kuliwa, basi nakili leo, usingoje kesho. Kama imepasuka karibu na tundu la katikati usiiweke kabisa, itavunjikia ndani kwa kasi ile na kisomea ni cha watu.

*Kaka Fundi, mimi ni mama ntilie, Kirumba, karibu na Mwaloni. Binti yangu ameingia chuo anataka laptopu ya mtumba. Kila nikifungua simu kuna kijana anasifia ya kwake, kila moja ni "bora kabisa". Zamani mlikuwa mnamwamini nani?*
Mama wa Kirumba

Dada yangu, umeuliza swali kubwa kuliko unavyodhani. Zamani tulimwamini mtu mwenye meza. Yule mwandishi wa gazeti alikuwa na laptopu kumi mezani, zote kaziwasha siku moja, zote kazipa kazi moja, akaandika jedwali na jina lake chini. Hakuwa malaika, maana waliotangaza kwenye gazeti lake ndio haohao aliowapima, na tulijua kusoma kwa jicho hilo. Lakini alikuwa na jedwali. Kijana wa kwenye simu ana laptopu moja, ile anayouza, na taa nzuri.

Kwa hiyo meza uitengeneze wewe. Ukienda dukani na binti, usikubali kuona moja. Omba tatu za bei inayokaribiana, ziwashwe pamoja. Kwenye Windows, mwambie muuzaji afungue ile skrini nyeusi ya amri aandike powercfg /batteryreport. Linatoka faili. Shukeni chini kidogo mtaona mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri iliyozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo iliobaki nao leo. Juzi kijana kaniletea laptopu aliyouziwa kwa maneno "betri mpya, mzee". Wa kwanza ulisoma 48,000, wa pili 17,000 na ushee. Hiyo ni chini ya nusu, na umeme ukikatika katikati ya kuandika ripoti ya chuo haitamfikisha mbali.

Baada ya hapo mwambie akuonyeshe hadidiski imefanya kazi saa ngapi, programu ya bure CrystalDiskInfo inalisema hilo. Fungua kioo polepole usikilize bawaba. Bonyeza kila herufi ya kibodi, na *kila* tundu la USB lichomekwe flashi. Muuzaji akianza kusema una maswali mengi, mshukuru uondoke. Mjini hapa maduka hayaishi.

Na risiti dada. Iandikwe namba ya mashine, si "laptop 1" peke yake.

*Fundi, tuko vijana wanne Bukoba, tunajua kompyuta na tunajua kuandika. Tunataka kuanzisha jarida la kompyuta la Kiswahili, la karatasi. Watu wanatucheka. Tuache?*
Vijana wa Bukoba

Wanaowacheka wana hoja, lakini si yote. Mkitaka kuchapa habari za simu mpya zilizotoka wiki hii, acheni leo, maana habari itawatangulia kwa mwezi mzima. Mkitaka kuishi kwa matangazo ya kampuni za simu, hao nao wana kurasa zao wenyewe.

Ila angalieni jarida la Uingereza lililoanza kwa jina la The MagPi, la wapenzi wa kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi. Lilianza 2012 mtandaoni, kwa kazi ya kujitolea, na baadaye likahamia kwenye karatasi, kinyume kabisa na wenzake. Novemba 2015 lilibandika kwenye jalada kompyuta nzima, Raspberry Pi Zero yenye bei ya dola 5, na nakala zikagombewa mpaka zikaisha madukani. Ndani hakukuwa na habari za mjini. Kulikuwa na kazi za kufanya kwa mikono: chomeka waya huu hapa, andika mstari huu, taa itawaka.

Huo ndio upenyo wenu. Mwalimu wa sekondari kisiwani ambaye bando linamwishia tarehe kumi anahitaji karatasi yenye mazoezi ya muhula mzima, iliyojaribiwa, kwa Kiswahili, ambayo anaweza kuitoa fotokopi. Fundi chipukizi wa Muleba anahitaji mchoro wa kubadilisha tundu la chaja la laptopu zinazouzwa sana huku, si za Dubai. Anzeni na kurasa 16 nyeusi na nyeupe, karatasi ya kawaida isiyong'aa, mliuze kwa shule moja moja na mpokee fedha kabla ya kuchapa. Toleo la kwanza mniletee nilisahihishe sehemu ya umeme. Chai ni juu yenu.